Pishi ya Mfuto na Pishi ya Tele

Katika masoko ya pwani ya zamani, kabla kilo haijashika mahali pake, pishi ilikuwa na sura mbili ambazo mnunuzi mwenye busara aliziuliza kwanza, kisha ndipo akafungua kibindo: pishi ya mfuto, ambayo muuzaji hupitisha kijiti juu ya ukingo na nafaka iliyozidi ikarejea guniani, na pishi ya tele, ambayo huachwa na kilima chake mpaka punje zianze kudondoka zenyewe. Chombo kilikuwa kimoja, na vibaba vyake viliitwa vinne kwa kila mtu. Lakini aliyerudi nyumbani na mfuto na aliyerudi na tele hawakula chakula kimoja. Jambo hili hunijia moyoni kila nisikiapo shule za serikali za Kaunti ya Kwale zikipangwa safu, ipi ya kwanza na ipi ya mkia.

Mtihani wa darasa la nane, uliofunga elimu ya msingi nchini Kenya tangu 1985 hata 2023, ulihesabiwa katika miaka yake ya baadaye kwa alama 500, na kwa miaka mingi matokeo yake yalipotoka magazeti yalichapa orodha ndefu, huku mwalimu mkuu wa shule iliyoshinda akibebwa mabegani kama bwana harusi, na mwenziwe wa shule iliyoshindwa akikuta wazee wametia kufuli lango. Hukumu ilikwisha asubuhi moja. Hakuna aliyeuliza kilichopimwa ni nini.

Jaalia shule mbili, za kuwazika kwa majina ila si kwa hali. Ya kwanza iko karibu na Ukunda, kando ya lami, ina umeme na maji ya bomba, na wazazi wake, kwa kuwa mahoteli ya Diani huwapa wengine wao ujira, huweza kuchanga fedha za masomo ya Jumamosi. Ya pili iko bara ya Kinango, ambako mvua ni mgeni asiyeweka ahadi. Binti huamka kabla ya alfajiri kwenda lamboni na dumu la maji, na mwaka wa ukame mifugo hufuata malisho ya mbali na wavulana wakaifuata. Mtoto yule huzungumza Kiduruma nyumbani, husikia Kiswahili sokoni, na karatasi ya hesabu humjia kwa Kiingereza, hata asijulikane kama alishindwa na hesabu au na maneno yaliyoivika. Akipata alama 210, na mwenzake wa Ukunda akapata 310, je, ni nani aliyesafiri mbali zaidi?

Serikali itajibu kwamba haikumpendelea yeyote, na kwa jinsi fulani itasema kweli. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa bure mwaka 2003, kila mwanafunzi alitengewa fungu moja, shilingi 1,020 kwa mwaka hapo mwanzo, kisha 1,420. Lakini shule ya watoto 1,000 hupata kwa hesabu hiyo shilingi 1,420,000, na shule ya watoto 150 hupata 213,000, ilhali zote mbili zina lango moja, mlinzi mmoja wa usiku, na paa ambalo upepo hauulizi idadi ya waliomo ndani. Ukunda pishi imejazwa kilima kwa michango ya wazazi. Kinango kijiti kimepita. Huu ni usawa usio na insafu.

Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, wale watimiziwao haki yao wanapopokea na wapunguzao wanapotoa, na masheikh wetu huisoma kwa wenye maduka. Mimi naona yafaa isomwe pia mbele ya wapangao bajeti. Naye Aristotle, alipoandika juu ya insafu, alitaja kipimo cha risasi walichotumia waashi wa Lesbos, ambacho kilipinda kufuata umbo la jiwe badala ya kulilazimisha jiwe liwe nyoofu. Hakumaanisha kwamba jiwe lisipimwe.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wasemao kwamba kulinganisha kote ni dhuluma. Mwaka 2014 wizara ilipoacha kutangaza safu za shule, mimi nami nilifurahi, maana zilisemwa habari za kutisha za wanafunzi dhaifu kuandikishwa katika kituo kingine ili wastani wa shule usichafuke. Lakini furaha yangu haikudumu. Nilianza kutambua kwamba aliyestarehe kwa kimya kile hakuwa mtoto wa Kinango, bali ni yule ambaye angepaswa kumpeleka mwalimu wa pili wa sayansi na hakumpeleka. Mizani iliyofichwa humsitiri muuzaji. Mnunuzi hana cha kusitiriwa. Basi shule zilinganishwe, na kwa ukali, ila swali liende kwa mtoaji: ulitia nini, ukafuta nini?

Katika Injili ya Mathayo mna mfano wa bwana aliyewagawia watumwa wake talanta, mmoja tano, mmoja mbili, mmoja moja. Na aliporejea, aliyezalisha mbili na aliyezalisha tano walipewa sifa ile ile, neno kwa neno, bila ya mmoja kuwekwa juu ya mwenzake. Wa tatu alilaumiwa kwa kuifukia yake, na hotuba nyingi nimezisikia juu ya uvivu wake. Lakini mfano ule haukumtaja mtumwa aliyesimama mlangoni siku ya mgao akarudi mikono mitupu, wala sijapata kumsikia mhubiri akieleza, siku ya hesabu, bwana angemuuliza nini.