Hukumu ya Mgomba Uliotiwa Urithi wa Mmea Mwingine

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mimea na matunda. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi Waislamu! Mgomba ni neema kubwa. Katika Suratul Waqia umetajwa mti wa talhi miongoni mwa neema za Peponi, na wengi wa wafasiri wamesema kuwa talhi ni mgomba. Neema hii imefikiwa na msiba katika nchi ya Uganda, ambako ndizi ndicho chakula cha mamilioni ya watu. Mwaka 2001 ulionekana huko ugonjwa wa mnyauko: majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na panga lililokata mgomba mgonjwa huutia ugonjwa mgomba mzima. Na migomba iliwayo haipandwi kwa mbegu, bali kwa machipukizi. Udhaifu wa mama huwa ndio udhaifu wa mtoto.

Basi wataalamu wakatwaa jeni, nazo ni chembe zichukuazo urithi, katika pilipili boga isiyowasha, wakazitia katika mgomba. Mwaka 2010 migomba hiyo ilipandwa kwa majaribio huko Kawanda, na baadhi yake ikauhimili ugonjwa.

Wako wasemao: hayo ni haramu, kwani ni kubadili maumbile. Hoja yao ni aya ya 119 ya Suratun Nisaa, itajayo kiapo cha Iblisi kuwa atawaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Mwenyezi Mungu. Jawabu ni kuwa wafasiri wamekhitilafiana katika aya hiyo: wengine wamesema makusudio yake ni kuibadili dini, na wengine kuhasi wanyama na kuchanja mwili chale. Na lau kila kuugeuza mmea ni haramu, kuunga mwembe kwa mwembe kungalikuwa haramu. Bwana Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa Madina wakipandisha mitende, akadhani hakuna faida, walipoacha, mazao yakaharibika, naye akawaambia kuwa wao wayajua zaidi mambo ya dunia yao. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili. Na Suratun Nahl imewakemea wenye kuharimisha kwa ndimi zao tu.

Lakini uhalali huu una mipaka mitatu. Wa kwanza ni madhara. Kilichothibiti kudhuru hakiliwi, na ushahidi wake hutakiwa kwa waadilifu wenye elimu hiyo, si kwa mwenye kuuza mche wala kwa mpiga domo wa barazani.

Wa pili ni uwazi. Bwana Mtume alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkemea muuzaji aliyeuficha. Basi ikiwa ada ya wanunuzi wa mji ni kuzichukia ndizi hizo, hata thamani yake ikapungua, hiyo ni aibu ya bidhaa. Mwenye kuificha amefanya ghashi, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha.

Wa tatu ni haki ya mkulima. Tangu kale jirani humpa jirani chipukizi bila ya bei. Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa mambo haya mwaka 2017, Rais Museveni akaurudisha. Na miongoni mwa aliyoyataja ni haki ya waliozitunza mbegu za asili. Hilo ni neno la kuzingatiwa, kwani mche umponyao maskini na njaa, kisha ukamtia katika deni lisilokwisha, umemtoa shimoni ukamtosa kisimani.

Basi asiye na elimu na auzuie ulimi wake, muuzaji na aseme kweli, na mkulima na apande. Kwani Mwislamu apandaye mti, akala kwao mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Wallahu aalam.