Wimbo Usiomtaja Mungu

Somo: 2 Samweli 1:17–27



Someni somo hili polepole, kuanzia mstari wa 19 hadi wa mwisho, mkilitafuta jina la Mungu. Hamtaliona. Daudi anawalilia Sauli na Yonathani waliouawa mlimani Gilboa. Anataja milima, ngao, upinde, tai na simba. Anataja hata nguo nyekundu ambazo Sauli aliwavika mabinti wa Israeli. Mungu hamtaji. Humo hamna sala wala ahadi ya ufufuo. Hata hivyo Daudi aliagiza watu wa Yuda wafundishwe wimbo huo, ukaandikwa katika kitabu cha Yashari, na mpaka leo umo katika Biblia zetu, wala hakuna aliyethubutu kuuongezea ubeti wa kuutakasa.

Kilichonirudisha kwenye somo hili ni sanduku la santuri.

Familia moja huku Kyerwa, upande wa kuelekea Murongo, ilimzika baba yao, mkulima wa kahawa na msharika wa miaka mingi. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, chini ya kitanda likatolewa sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, pamoja na kanda za Remmy Ongala. (Mpenzi wa jazz ya Marekani atauliza jazz yenyewe iko wapi hapo. Bendi zetu zilijiita hivyo tangu Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, zikatupigia rumba na dansi, nasi hatukudai zaidi.) Kaka mkubwa, mwanakwaya aliyeokoka, akataka zote zichomwe. Wadogo zake wakakataa. Nikaitwa.

Simcheki yule kaka. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kagera, ulikuta nyumba nyingi zinavuja. Waliookoka waliacha pombe, ngoma na dansi kwa mkupuo, wala hawakufanya hivyo kwa ujinga. Walikuwa wameona malipo ya kahawa yakiishia kwenye rubisi na muziki kabla mama hajaona hata sabuni. Mtu aliyelala njaa kwa sababu baba yake alikuwa akicheza rumba hawezi kuisikia rumba kama mimi ninavyoisikia. Kaka huyo naye alikuwa na yake ya kusimulia, na aliyasimulia.

Ila Biblia yenyewe haikubali tulimalize jambo hili kwa kiberiti. Nabii Amosi, katika sura ya 6, anawashambulia matajiri wanaojinyoosha juu ya vitanda vya pembe za ndovu, wakila wanakondoo na kubuni nyimbo kwa vinanda kama Daudi. Ukisoma haraka utadhani anachukia vinanda. Endelea mpaka mstari wa 6. Kosa lao ni kwamba hawahuzuniki kwa kuangamia kwa Yusufu. Wanaimba, na jirani anakufa. Kwa kipimo hicho nimeshawahi kusikia nyimbo za injili zilizostahili kumwogopa Amosi, na nyimbo za dansi ambazo pengine angezisikiliza mpaka mwisho.

Basi niliwaomba watoto wasichome na wasigawane kwanza. Kinanda cha santuri kilikuwepo, mawe ya redio yakanunuliwa Nkwenda. Tulikaa ukumbini baada ya chakula, akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ikizunguka. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kila mtu achague santuri moja, tuisikilize mpaka iishe, kisha aseme inamkumbusha nani.

Mtoto wa pili alichukua Mbaraka Mwinshehe, moja ya zile santuri kubwa zilizotolewa na Polygram ya Nairobi baada ya kifo chake, mfululizo ulioitwa *Ukumbusho*. Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, baadaye akaunda bendi ya Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Angalieni huo mwezi. Mkoa wetu, ambao bado uliitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa vitani. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevamia ng'ambo ya mto Kagera mwishoni mwa 1978, na sasa vijana wetu walikuwa wanayasukuma nyuma. Yule mtoto alikuwa mdogo, lakini anakumbuka baba yake akiwa ameinama juu ya redio akitafuta habari za vita, na siku moja akaizima na kutoka nje. Nyumba nzima ikadhani mpaka umevunjwa tena. Kumbe alikuwa amekufa mpiga gitaa. Alisema hakuwahi kuelewa, mpaka jioni hiyo, kwamba baba yake alikuwa na machozi ya akiba kwa mtu ambaye hakuwahi kumsalimia kwa mkono.

Binti wa mwisho hakutaka santuri. Alitoa simu, akapiga wimbo wa Saida Karoli, *Maria Salome*, wa mwaka 2001. Sisi Wanyambo hatuhitaji mkalimani kwa Kihaya kile. Akasema siku ya harusi yake baba alisimama kucheza wimbo huo pamoja na goti lake bovu, na mzee wa kanisa aliyekuwepo akageuza uso kwa heshima. Mzee huyo wa kanisa alikuwa amekaa nasi ukumbini. Alikiri kwamba alichungulia.

Ikafika zamu ya mjane. Alieleza kwamba kila msimu wa kahawa mume wake alirudi kutoka chama cha msingi na vitu viwili: santuri moja ya kwake na doti moja ya kanga ya mke. Kanga nyingine anazo mpaka leo. Alipekua sanduku, akapata santuri moja, akaiweka kando kifudifudi. Akasema, "Baba Mchungaji, hii msiipige. Hii ni ya mwaka aliokaa Bukoba." Wakubwa walielewa. Hakuna aliyeuliza Bukoba alikaa kwa nani.

Hapo ndipo Daudi aliponijia na nguo zake nyekundu. Sauli alimwinda Daudi nyikani kama ndege. Alimrushia mkuki akiwa anampigia kinubi. Daudi hasemi kwamba hayo hayakuwapo, maana nusu ya kitabu cha kwanza cha Samweli imejaa hayo. Lakini siku ya maombolezo anakumbuka pia kwamba mfalme yule aliwavika mabinti wa watu wakapendeza. Mjane wetu alifanya vivyo hivyo: kanga akazitaja, na santuri ya Bukoba akailaza kifudifudi bila kuivunja. Nimesikiliza wasifu wa marehemu katika makaburi mengi, kutoka Nyaishozi mpaka Kaisho, na sehemu kubwa ungeweza kubadilisha jina tu ukamsomea mwingine. Mama huyu alisema ukweli zaidi kwa kanga na santuri moja.

Kanda ya Remmy Ongala ilichaguliwa na dada ambaye katika miaka ya 1990 alimzika kaka yake wa kumfuata. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana katika mkoa huu wa Kagera mwaka 1983, na wenye umri wangu wanajua kilichofuata: nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu, migomba isiyo na wa kuipogoa. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeifanya Tanzania kwao, aliimba *Mambo kwa Soksi*, wimbo kuhusu kondomu ambao wengi tuliuona hauna adabu. Wengi wetu tuliosimama makaburini tulisema marehemu "ameugua kwa muda mrefu" na kufunga kitabu. Dada alisema kaka yake, akiwa kitandani, aliomba kanda ile irudiwe mara kwa mara, kwa sababu ilikuwa sauti pekee iliyokuwa ikimtajia ugonjwa wake kwa jina. Baadaye Remmy aliokoka, akaimba injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Wapo wanaotaka tumkumbuke Remmy huyo wa mwisho peke yake. Mimi nawataka wote wawili, na kwa habari ya Yusufu aliyeangamia, yule wa kwanza alihuzunika kabla yetu.

Kaka mkubwa alikuwa bado hajachagua. Aliniuliza kama muziki uliozaliwa baa unaweza kusimama mbele za Mungu. Nikamsimulia habari za Thomas Dorsey, Mmarekani mweusi aliyepiga piano ya blues kwa jina la Georgia Tom na kumsindikiza mwimbaji Ma Rainey. Agosti 1932 alikuwa mjini St. Louis kwenye mkutano wa kiroho alipoletewa simu ya maandishi kwamba mke wake, Nettie, amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Katika siku hizo za giza akatunga *Take My Hand, Precious Lord*, wimbo ambao Mahalia Jackson aliuimba katika mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Vidole vilivyopiga sala ile vilikuwa vile vile vya blues. Hakuwa na vingine.

Huku kwetu nanga, ala yetu ya nyuzi, ilifanya kazi hii kabla ya gitaa kufika. Tendi za nanga kama *Rukiza*, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi alizitafiti kwa undani, zilitunza majina na matendo ya watu ambao leo hawana hata kaburi la kuonyeshwa. Na Mwanzo 4:21 inamtaja baba wa wote wapigao kinubi na filimbi: Yubali, wa uzao wa Kaini. Mwandishi anaandika hivyo bila kuomba radhi, na anaendelea.

Kaka hatimaye alichukua Kilwa Jazz. Hakusema inamkumbusha nani. Alisikiliza pande zote mbili, akauliza kama anaweza kwenda nayo kwake Kayanga. Nyingine zilizokuwa sandukuni zimebaki kwa mama.

Sasa tangazo. Alhamisi jioni, katika ibada za jumuiya, kila nyumba ije na wimbo mmoja wa mtu wake aliyetangulia, uwe wa kitabuni, wa nanga au wa dansi. Mtatuambia ni wa nani na kwa nini, kisha tutasoma 2 Samweli 1 na kuwaombea wafiwa, tukiwataja marehemu wao kwa majina. Asiyetaka kusema atasikiliza, na ataheshimiwa. Wenye simu zenye sauti kubwa wazichaji mapema. Kwaya msinung'unike, zamu yenu ni Jumapili kama kawaida. Na mwenye sindano nzima ya gramafoni anione baada ya ibada, maana ile ya marehemu imeanza kukwaruza.