Kukonda kwa Ayubu



Katika sura ya 16 ya kitabu chake, Ayubu alalamika ya kuwa hata kukonda kwake kumegeuka kuwa shahidi wa kumshtaki. Rafiki zake waliutazama mwili ule uliodhoofika, wakakata neno ya kuwa mwenyewe ametenda dhambi. Lakini mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, wala si Ayubu.

Na sisi je? Mwenzetu akikonda, twanong'ona mlangoni pa kanisa ya kuwa ana UKIMWI, au amerogwa. Akinenepa, twamwita mlafi, ama twamsifu kuwa amebarikiwa. Hiyo ni hukumu pasipo ushahidi.

Kwa maana mambo yaubadilio mwili ni mengi. Kifua kikuu huula polepole. Kisukari chaweza kumkondesha mtu hata akila sana, kwa kuwa sukari hupotea katika mkojo isiutie mwili nguvu. Tezi ya shingoni ikizidi kufanya kazi, mtu hukonda na moyo humwenda mbio. Ikilegea, huchoka, huona baridi na kuongezeka uzito. Huzuni huondoa hamu ya chakula. Wala kuvimba si kunenepa: moyo au figo zikishindwa kazi, maji hujaa miguuni. Tena mtoto mwenye kwashiakoo, ugonjwa ambao daktari Cicely Williams aliuandikia habari mwaka 1933 akiwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, huvimba uso, watu wakadhani ameshiba. Kumbe mwili wake una njaa.

Hatusemi ya kuwa mwenendo si kitu. Sukari nyingi katika chai na soda, vyakula vya kukaangwa, pombe, kuketi mchana kutwa na kukosa usingizi huongeza uzito; na mafuta yakizidi tumboni hukaribisha kisukari na shinikizo la damu. Mtume Paulo aufananisha mwili na hekalu, basi imetupasa kuutunza. Lakini kila mtu na aanze na sahani yake mwenyewe, asianze na ya jirani.

Hasa ninyi walimu wa Injili, mkimwona mtu amebadilika mwili naye hakukusudia, mwendeeni faraghani, mkamsindikize hospitali apimwe mapema. Kifua kikuu hupona kwa dawa. Na mwenye virusi vya UKIMWI, akitumia dawa zake kwa uaminifu, huishi miaka mingi. Bali mnong'ono humfanya mgonjwa ajifiche nyumbani hata msaada ukachelewa, nasi tutaulizwa habari za damu yake.

Rafiki za Ayubu walitenda neno moja jema kabla hawajaanza kuhukumu: waliketi naye chini siku 7 wakiwa kimya. Bwana atujalie kuketi hivyo na wagonjwa wetu. Amina.