Pishi ya Mjane

Mjane fukara wa kijijini Uingereza, katika karne ya 18 na ya 19, alikuwa na siku yake. Tarehe 21 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, alipita nyumba hadi nyumba akikusanya ngano ya mkate wa Krismasi. Kwingine hata mwenye kinu alimsagia bure. Naye hakuondoka hivi hivi: aghalabu alimwachia mwenye nyumba kitawi cha mti usiopukutisha majani wakati wa baridi. Kitawi chenyewe ni cha kuokota tu, lakini kilitosha kumtofautisha na ombaomba.

Krismasi ilipofika Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, na wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, mwaka 1892, haikuwa ya kwanza kuwafundisha Wazaramo wa huko kutoa kwa tarehe maalumu. Waislamu miongoni mwao tayari walikuwa na zaka ya fitri: pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, itolewe kabla ya sala ya Idi. Ikitolewa baada ya sala, inahesabiwa sadaka ya kawaida. Kipimo kinajulikana, saa inajulikana, na anayepokea anapokea haki yake.

Sadaka ya Krismasi ya leo haimpi mpokeaji haki hiyo. Mtoaji ndiye anayechagua kituo cha yatima, idadi ya mifuko ya mchele na sabuni, na mara nyingi mpiga picha pia. Wapo watakaosema kwamba kutoa kwa kulazimika hakuna moyo. Huenda, ila tumbo la mtoto haliulizi moyo wa mtu, na pishi haimkatazi yeyote kutoa kwa furaha.

Kibaha, si mbali na Kisarawe, ilipata msaada wa aina nyingine, ambao mwishowe uliachwa mikononi mwa mpokeaji. Mwaka 1963 nchi za Ulaya Kaskazini, Sweden ikiwamo, zilianzisha hapo mradi wa shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mradi ukiwa bado mikononi mwao, Azimio la Arusha la 1967 likaonya kwamba zawadi na mikopo ya nje inaweza kuhatarisha uhuru wa nchi. Mwaka 1970 wafadhili wakakabidhi kila kitu kwa serikali, likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo cha afya kilikua kikawa hospitali ya Tumbi, ambako majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro hufikishwa usiku wowote, uwe wa Krismasi au wa Machi.