Je, kwenda mbio ni kosa?

Jioni moja vijana wa parokia walituuliza: Katika vitu vyote vilivyopo, ni kipi kiendacho mbio kupita vingine? Mmoja alitaja duma, wa pili ndege ya vita, wa tatu umeme wa radi. Tuliwajibu kadiri ya maarifa yetu, lakini usiku swali lao lilitunyima usingizi, maana nyuma yake lajificha lingine lililo gumu zaidi: Je, kwenda mbio ni jambo jema?

Tuanze na hesabu, kwani vijana wazipenda. Duma hukimbia karibu kilometa 100 kwa saa, lakini kwa nafasi fupi tu. Kisha hulala akihema. Kozi, ndege awindaye ndege wenzake, akijitupa toka juu hupita kilometa 300 kwa saa. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ukiona umeme wa radi, hesabu polepole mpaka usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni kilometa moja. Na nuru? Kilometa 300,000 kwa sekunde. Wazee wengi wa kale walidhani nuru hufika papo hapo bila kutumia muda wowote. Mwaka 1676 Ole Rømer, mtu wa Denmark aliyefanya kazi Paris, akichungulia mwezi mmoja wa sayari Jupiter, alitambua kwamba habari za mwezi ule huchelewa kutufikia wakati dunia iko mbali nao. Basi nuru nayo husafiri, nayo huchelewa. Jua ulionalo asubuhi ni jua la dakika nane zilizopita.

Wanadamu nao wamejaribu. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo cha Wamarekani kiitwacho Parker kilipita karibu na jua kwa mwendo wa kilometa 190 na zaidi kwa sekunde. Hakuna kitu kilichofanywa na mikono ya watu kilichowahi kwenda hivyo. Hata hivyo hakikufikia hata sehemu moja katika elfu ya mbio za nuru.

Lakini jambo lililowashangaza vijana wetu ni lile la kiti walichokalia. Sisi tukaao karibu na mstari wa Ikweta twazungushwa na dunia kilometa 1,670 kila saa. Tena dunia yenyewe yalizunguka jua kwa kilometa 30 kila sekunde. Tangu uanze kusoma ukurasa huu umekwisha safiri kilometa maelfu, wala chai yako haikumwagika. Kwa nini? Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa mtu aliyefungiwa ndani ya chumba cha meli. Aliyepanda meli ya Ziwa Tanganyika siku ziwa limetulia amwelewa mara moja: ukifumba macho hujui kama meli yaenda au imesimama. Mwili hausikii mbio. Wasikia mabadiliko ya mbio tu: kuanza, kupinda, kusimama.

Hapo ndipo hesabu za vijana zilipotuuma sisi wenyewe. Maana mbio haziui. Kusimama ghafula ndiko kuuako.

Siku moja tulikuwa na mafundisho katika kijiji kilicho kilometa 24 toka kwetu. Tulichelewa kuondoka, kwa kosa letu. Tukapanda pikipiki, tukamwambia kijana: Ongeza. Akajibu: Ndiyo, Mwalimu. Akaongeza. Karibu na kisima mtoto wa kike alivuka njia, bidoni ya maji kichwani. Kijana alipinda, pikipiki ikatupwa majanini, mtoto akaanguka, bidoni ikapasuka. Mtoto hakuumia, ila goti. Alilia kwa ajili ya bidoni.

Baadaye tulikaa na kalamu. Pikipiki iendayo kilometa 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Iendayo 72 hupita mita 20. Katika ile sekunde moja ya kushtuka, kabla mkono haujakamata breki, umekwisha kwenda mita hizo zote. Kisha breki zenyewe: mbio zikiwa mara mbili, nguvu iliyomo si mara mbili bali mara nne. Mahali palipotosha mita 10 za kusimama sasa pahitajiwa 40. Na tupime kwa njia ambayo kila mgema ataielewa: kugonga kitu kwa kilometa 36 ni sawa na kuanguka toka juu ya mchikichi wa mita 5; kwa kilometa 72, toka mchikichi wa mita 20. Hatukumwambia mtoto yule kwamba tunamwangukia toka mita 20.

Nasi tulipata nini? Kwa mwendo wa 36 tungefika kwa dakika 40, kwa mwendo wa 72 dakika 20. Dakika ishirini basi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, asema kwamba mtu mwenye moyo mkuu hutembea polepole, kwa sababu ayaangaliayo ni makuu, nayo ni machache. Mwenye kushughulikia mambo mengi ndiye akimbiaye. Seminarini tulilisoma neno hilo tukacheka, tukimkumbuka mwalimu mmoja mnene aliyetembea polepole kwa sababu nyingine. Hata uumbaji wajua kazi ya polepole: ardhi yetu hupasuka milimita chache tu kwa mwaka, na katika ufa huo limelala Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470.

Lakini, kwa heshima zote, jibu la Thoma halitoshi hapa. Mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa hahitaji mtu wa kutembea polepole. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu kwenye hospitali za milimani, nazo huenda mbio kweli, karibu kilometa 100 kwa saa. Nani atasema ni kosa? Dakika zile ni za mama yule. Zetu zilikuwa za nani? Zilikuwa za kuficha uvivu wetu wa asubuhi, na hatari yake tulimtwika mtoto ambaye hatukumwuliza.

Huenda mtu atasema: Kosa ni la mwenye pikipiki. Tulimwuliza kijana kwa nini alikubali. Alisema pikipiki si yake. Kila jioni ni lazima ampe mwenyewe fedha iliyopatanwa, na nauli tuliyokuwa tumeipunguza sisi ilimlazimu kurudi upesi kutafuta abiria mwingine. Hatukuwa na neno la kumjibu.

Bidoni tulilipa. Sasa twaondoka saa moja mapema, wala hatubishani tena juu ya nauli. Hata hivyo mara mbili tumechelewa, kwa ajili ya mvua. Tuliwakuta watu wamekaa chini ya mwembe, wanaongea. Mzee mmoja aliuliza tu: Njia ilikuwaje?