Wafu Wasio na Jiwe: Kutafuta Ukoo wa Kiairishi

Maandishi ya kale kuliko yote yaliyosalia Ireland ni habari za ukoo. Ni mikato iliyochongwa kwenye kingo za mawe marefu, kwa hati iitwayo ogham, na mengi ni ya kati ya karne ya 4 na ya 6. Yamebaki mawe yapatayo 400, mengi yakiwa kaunti za Kerry na Cork, na mara nyingi yanasema jambo moja tu: jina la mtu, neno maqi, kisha jina la baba yake. Maqi ni "mwana wa". Ndilo lililozaa Mac katika majina ya Kiairishi ya leo, na kazi yake ni ileile ya bin. Hakuna sifa, hakuna tarehe, hakuna habari ya vita wala mali. Aliyesimamisha jiwe aliona fulani bin fulani inatosha.

Anayetafuta ukoo wa Kiairishi siku hizi, na wengi ni vitukuu vya waliohamia Marekani, Kanada, Australia na Uingereza, anatafuta jambo hilohilo. Ila kila hatua ya kazi hiyo inamrudisha kwenye swali ambalo makarani hawawezi kulijibu: aliyekufa bila jina lake kuandikwa popote, je, amepotea kweli? Na walio hai wanadaiwa nini naye?

Jiwe la kaburi ni shahidi, lakini ni shahidi wa wenye uwezo. Kabla ya karne ya 18 mkulima wa kawaida hakuwekewa jiwe lenye maandishi. Hata baadaye maskini wengi waliwekewa jiwe la shambani lisilochongwa, ambalo ndugu peke yao walijua ni la nani; ndugu wakihama, kaburi linabaki bubu. Yale yenye maandishi hufichua imani pamoja na majina. Mawe mengi ya Wakatoliki yanamwomba mpita njia aiombee roho ya marehemu, na ya Waprotestanti hutaja kumbukumbu tu. Tofauti hiyo ndogo imebeba theolojia nzima. Mkatoliki anaamini kwamba marehemu aliye toharani husaidiwa na sala za walio hai, kwa hiyo jina linalosomeka ni mlango wa msaada. Kwa aliyelelewa katika mafundisho ya Matengenezo ya Kiprotestanti, kesi ya marehemu iko mikononi mwa Mungu na hakuna sala ya kuigeuza. Jiwe lipo kwa ajili ya wanaobaki.

Jambo hilo lilileta ugomvi makaburini kwenyewe. Mwaka 1823, katika makaburi ya Mtakatifu Kevin mjini Dublin, padre Mkatoliki alizuiwa kusali kwenye mazishi, kwa kuwa viwanja vya kuzikia vilikuwa chini ya Kanisa la Ireland, lile la Kianglikana lililotambuliwa na serikali. Hasira zilizofuata zilimfanya mwanasiasa Daniel O'Connell apiganie viwanja vingine, na mwaka 1832 yakafunguliwa makaburi ya Glasnevin, ya watu wa dini zote na wasio na dini. Leo wamelala humo zaidi ya watu milioni moja.

Jiwe lililoliwa na mvua halisomeki saa sita mchana. Linasomeka asubuhi na mapema au jioni, jua linapolala na mwanga kupita ubavuni mwa jiwe, kila mkato ukatupa kivuli chake. Usiku, tochi iliyoshikwa pembeni hufanya kazi hiyo. Brashi ya waya huondoa ukoga na herufi pamoja. Jina la kwanza kuonekana mara nyingi si la marehemu bali la aliyelisimamisha jiwe, pengine na mji wa ng'ambo alikokuwa akiishi. Linalotafutwa kwa hamu zaidi ni jina la kitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na bila hicho kimoja majina kama Murphy na Kelly hayaelekezi popote.

Nyaraka nazo zina majeraha yake. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko na moto viliiteketeza Hifadhi ya Nyaraka iliyokuwa katika jumba la mahakama la Four Courts, Dublin. Ziliungua karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851, pamoja na rejista nyingi za Kianglikana. Sensa nne zilizofuata zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe, mbili kati yake zikisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia karatasi ilipoadimika. Sensa kamili za kale zaidi zilizobaki ni za 1901 na 1911.

Kilichookolewa kimeokolewa kwa njia za ajabu. Sheria ya pensheni ya uzeeni ya 1908 iliwapa posho waliotimiza miaka 70, lakini wazee hao walizaliwa kabla ya mwaka 1864, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi vyote, hivyo hawakuwa na vyeti. Waliomba makarani wawatafute katika sensa za 1841 na 1851, wakitaja wazazi wao na kitongoji walikokulia. Fomu za maombi hayo zimesalia, na katika baadhi yake karani alinakili kaya nzima. Sensa yenyewe ikawa majivu. Kipande chake kikahifadhiwa kwa sababu mzee mmoja maskini alihitaji shilingi chache kila wiki.

Rejista za Wakatoliki zilinusurika kwa kuwa zilibaki parokiani, na tangu 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland imeziweka kwenye intaneti bila malipo. Ukurasa wake mara nyingi ni wa Kilatini na wino uliofifia: James ni Jacobus, William ni Gulielmus. Mstari mmoja una tarehe, mtoto, baba, mama kwa jina la ukoo wake mwenyewe, na wasimamizi wawili wa ubatizo, ambao mara nyingi ni shangazi au mjomba. Mazishi yaliandikwa kwa nadra sana. Kanisa liliandika zaidi mlango wa kuingilia kuliko wa kutokea.

Juu ya swali la kama aliyekufa hupotea, John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza hali ya wafu. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alisema marehemu hubaki katika sasa maadamu yupo aliyemjua na kumtaja kwa jina. Wa mwisho wao akifa, marehemu huzama katika zamani. Mstari wa rejista unautikisa mpaka huo. Mtoto aliyebatizwa mwaka 1831, asiyejulikana na yeyote aliye hai, anatajwa tena kwa jina mezani kwa kitukuu.

Hata hivyo, hoja hii ikivutwa mno inaleta ukatili. Kama mtu yupo kwa kukumbukwa, basi moto wa 1922 uliua maelfu mara ya pili, na maskini asiye na jiwe alikuwa nusu mtu tangu mwanzo. Hilo si kweli. Moto uliunguza habari zao, haukuwagusa wao. Ukristo una jibu lake, kwamba Mungu hahitaji rejista ili awajue walio wake. Na hata asiye na imani anaweza kuona kwamba uzito wa maisha aliyoishi mtu hauongezwi wala kupunguzwa na karani. Kumbukumbu haimpi marehemu utu. Ni deni linalolipwa kwa kuwa utu huo ulikuwepo.

Deni hilo ni zito kuliko yote kwa wasio na jiwe wala mstari. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja. Katika makaburi ya Abbeystrowry, karibu na mji wa Skibbereen, wanakadiriwa kuzikwa kati ya 8,000 na 10,000 katika mashimo ya pamoja, wengine wakishushwa kwa jeneza lenye sakafu ya bawaba iliyofunguka ili litumike tena kesho yake. Kisha kuna cillín, viwanja vya watoto waliokufa kabla ya ubatizo, ambao hawakuruhusiwa kuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Baba alimbeba mtoto jioni au usiku hadi kwenye mpaka wa shamba, ngome ya kale au ufukweni, akaweka jiwe dogo lisilo na neno. Ilifundishwa kwamba watoto hao wako limbo, pasipo mateso wala kumwona Mungu. Mwaka 2007 tume ya wanatheolojia wa Vatikani ilisema ipo sababu nzito ya kutumaini kwamba wameokolewa. Wazazi wengi hawakuwahi kulisikia tumaini hilo.

Tuam, kaunti ya Galway, hali ilikuwa kinyume: karatasi zilikuwepo, kaburi halikuwepo. Mwanahistoria wa mji huo, Catherine Corless, alikusanya vyeti vya vifo vya watoto 796 waliofariki kati ya 1925 na 1961 katika makao ya akina mama wasioolewa na watoto wao. Mwaka 2017 tume ya serikali ilithibitisha kuwapo kwa mabaki ya watoto katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyohusiana na majitaka ya zamani. Uchimbaji ulianza Julai 2025, na ndugu, baadhi yao wazee sana, wanatoa sampuli za DNA ili mifupa irudishiwe majina ambayo vyeti vimeyatunza.