Je, Kuwafundisha Vijana Dawa ya Kuzuia Mimba ni Kufungua Mlango wa Zinaa?

Watu huzozana: je, yafaa vijana kufundishwa khabari ya dawa imezwayo baada ya kuingiliana ili mimba isitunge? Wako wasemao kuwa ni kuufungua mlango wa zinaa. Kauli yao haifai kudharauliwa, kwani kuziba njia za uovu ni katika misingi ya sharia.

Walakini na itazamwe hali ya Same na Milima ya Upare. Zamani vijana wa kiume wa Kipare wakiingizwa mshitu, wakafundishwa na wazee mambo ya utu uzima. Leo kijana huokota maneno kwa wenziwe, kweli na uwongo pamoja. Na dawa hii ina wakati wake: levonogestreli, miligramu 1.5, humezwa upesi iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kuchelewa huipunguza nguvu. Kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke. Mimba iliyokwisha tunga haiitoi, wala haikingi UKIMWI. Basi msichana wa mlimani, ambaye ni lazima ateremke hata mjini Same, akianza kuuliza baada ya siku tatu, elimu humfaa kidogo tu.

Jabir amepokea kuwa Masahaba wakifanya azli zama za kuteremka Qur'ani. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), naye ni Mshafii, amebainisha katika Ihyaa kuwa azli si sawa na kuiharibu mimba, kwa kuwa huzuia kitu kisichopatikana bado. Dawa izuiayo yai iko karibu na azli.

Watu basi ni watatu. Mume na mke, hukumu yao ni ile ya azli. Aliyelazimishwa kwa nguvu hana dhambi, na kumficha dawa ni kumdhulumu mara ya pili. Aliyezini kwa hiari, dhambi yake haifutwi na kidonge illa na toba. Lakini toba haikumshurutisha ujinga, na ujinga huweza kumburura kwenye dhambi iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuitoa mimba kwa siri.

Na asemaye kuwa elimu huzaa uovu, na atazame chuoni. Mtoto husoma katika Safinatu Nnajaa alama za kubaleghe, hedhi na janaba, wala kitabu hicho hakikumpoteza, kwa kuwa maumbile yamefundishwa pamoja na halali na haramu. Hilo ndilo sharti: dawa isifundishwe peke yake bila ya hukumu. Wazee wakinyamaza, kijana ataijua dawa kwa wengine, na hukumu hataisikia kabisa.

Mwaka 2021 serikali ya Tanzania iliwaruhusu wasichana waliojifungua warudi skuli. Ni jambo la rehema, lakini kumwinua aliyeanguka si kumkinga asianguke. Baba anyamazaye kwa haya na ajue: haya ni yake, na taabu humpata binti.